Nilivyoupiga picha mji wa Lamu wote kwa kamera ya mfukoni

Nianze na kamera, maana watu wote huanzia hapo. Yangu ni ya mtumba, niliinunua Mombasa kwa elfu kumi na kitu, megapikseli 12, lenzi yake huchomoza ukiwasha na kurudi ndani ukizima kama kichwa cha kobe. Nimeambiwa mara nyingi, tena na watu wenye akili zao, kwamba kwa kamera kama hiyo mandhari hayapatikani. Picha yenyewe iko ukutani kwetu: mji unavyoonekana kutoka majini, kuanzia mtaa wa Langoni kusini mpaka mtaa wa Mkomani kaskazini, mita moja na nusu kwa sentimita 13, ndefu na nyembamba kama ukili. Ukiisogelea unahesabu vidato vya ngazi za gati.

Kamera haikunipa taabu. Taabu niliipata kwa ushauri.

Bwana mmoja mwenye mkoba wa lenzi mgongoni alinikalisha mgahawani akanieleza habari za saa ya dhahabu: toka saa kumi na moja jioni, jua liko chini, kila kitu kinang'aa. Mimi niliyezaliwa hapa hapa nikatikisa kichwa kama mgeni aliyeshuka jana. Nikakodi mashua, elfu mbili na ushei, tukaenda kukaa katikati ya mlango wa bahari baina ya mji na kisiwa cha Manda. Mji ulikuwa mweusi kama chungu cha mboga. Jua lilikuwa nyuma ya nyumba, kuta zote kivulini, anga nyeupe pe. Nikiongeza mwanga, kuta zinaonekana lakini anga inafutika. Nikipunguza, anga inarudi na mji unageuka meno ya msumeno. Kihisi kidogo, kile cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, hakiwezi kubeba mwanga mkali na kivuli kizito kwa mpigo mmoja, na kile kilichoungua kikawa cheupe hakirudi hata ukikifanyia nini kwenye kompyuta. Nilipiga kama picha 60, hakuna hata moja ya kumwonyesha mtu.

Nahodha alikuwa ametulia shetri, ananitazama tu. Tulipokuwa tunarudi ndipo aliposema: "Mwanangu, mji huu umeelekea Manda. Jua hulipokea asubuhi. Kwani huniulizi?"

Basi. Ukuta wa pwani ya Lamu umeangalia mashariki, umeinama kidogo kaskazini. Jua likipanda juu ya mikoko ya Manda linaupiga mji usoni. Mwezi wa Juni huja karibu uso kwa uso, kuta zinang'aa lakini ni bapa, hazina umbo. Disemba na Januari jua huchomozea upande wa kusini zaidi, mwanga unapita mshazari, na kila dirisha, kila roshani na kila kipande cha chokaa kilichobanduka kinapata kivuli chake chembamba. Mimi nilichagua Januari. Dirisha la kazi ni fupi: tangu kama saa kumi na mbili na dakika 50 mpaka saa mbili kasoro robo. Kufika saa tatu jua limeshapanda mno, na baada ya adhuhuri huna lako.

Safari ya pili nilikwenda asubuhi, nimejaa uhakika. Nikasahau maji.

Yalikuwa yanakupwa, na yakikupwa katika mlango huu yanavuta kwelikweli. Juu ya hayo nikatumia ile hali ya kamera ya kupiga picha ndefu kwa kuizungusha, unabonyeza mara moja na kuisogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ile hali inafanya kazi kwa kukata vipande vyembamba na kuviunga papo hapo, na inadhani wewe umesimama palepale. Mashua ilikuwa inateleza upande, inapanda na kushuka. Matokeo yake nimeyaweka kwa ajili ya kucheka: mnara wa msikiti umevunjika katikati na nusu ya juu imehamia jirani, jahazi moja lina milingoti mitatu, na pale kwenye ukuta kuna punda mwenye miguu sita na kichwa kimoja, anatembea zake bila wasiwasi. Mpwa wangu alimpa jina. Mstari wa maji nao ulikuwa na mawimbi ambayo bahari haikuwa nayo.

Kwa hiyo mambo mawili: maji yasimame, na picha zipigwe moja moja.

La maji halihitaji hata simu, linahitaji kujua tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Kwenye bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umefichika, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na kukauka mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Basi ukihesabu siku mbili tatu mbele, tarehe 2 au 3 na tarehe 16 au 17, maji yanajaa pomoni mnamo saa kumi na mbili, saa moja asubuhi, wakati uleule jua linapougusa mji. Yakijaa hivyo unapata faida tatu kwa bei ya moja: tope na takataka za chini ya ukuta zimefunikwa, mashua zilizofungwa zinaelea wima badala ya kulala ubavu, na kabla maji hayajageuka kuna muda mfupi yanasimama, mashua haiendi mbele wala nyuma. Maji mafu, yale ya mwezi ukiwa nusu, usijisumbue nayo kwa picha hii. Yakijaa asubuhi hayafiki juu.

Safari ya tatu tulitia nanga kama mita 400 kutoka ukutani. Karibu zaidi ya hapo nyumba za pembeni zinaanza kujipinda. Hapa ndipo ushauri mwingine uliponikera: "funga tundu la lenzi mpaka mwisho, f/8 au zaidi, ndiyo mandhari yatoke makali." Hiyo ni habari ya kamera kubwa. Kwenye kihisi kidogo, tundu likishakuwa dogo sana mwanga hutawanyika kwenye kingo zake na picha nzima inapata ulegevu, kama umeivuta pumzi kwenye kioo. Wala hulihitaji. Kamera ya mfukoni kwenye f/4, yaani tundu lililo wazi zaidi, lenzi ikiwa pana, inashika kila kitu kuanzia kama mita moja mpaka upeo wa macho. Mimi nilivuta zumu kidogo, mara tatu au nne hivi, ile ya lenzi yenyewe. Ile ya dijitali nimeizima tangu siku niliyoinunua, kazi yake ni kukuza vitone vya picha tu. ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) 100, tundu f/4.5, kasi 1/640 ya sekunde. Kwa chini ya 1/500 mtikisiko wa mashua unaonekana hata kama maji yamelala.

Vipimo hivyo vyote niliviweka kwa mkono, kwenye herufi M, nikavifunga. Ukiiachia kamera ichague, picha yenye kuta nyeupe itatoka na anga nyeusi kidogo, ile yenye mikoko itatoka na anga iliyopauka, na ukiziunga unapata mistari kama nguo iliyotiwa viraka. Fokasi nayo niliiweka kwenye alama ya mlima. Rangi ya mwanga kwenye alama ya jua, maana ile ya kujiamulia huona wekundu wa asubuhi ni kosa na kuusahihisha, na ukishasahihishwa Lamu inafanana na hospitali.

Kisha picha 9, kutoka kusini kwenda kaskazini, kila moja ikiikanyaga iliyotangulia kwa theluthi. Muda wote haukufika dakika. Na hapa kuna ujanja ambao sikuambiwa na mtu, naudai ni wangu mpaka atokee mwenye nao. Nyumba ziko mbali, hazikusumbui. Zinazosumbua ni mashua zilizofungwa mbele ya ukuta, kwa sababu zinayumba kati ya picha moja na nyingine, na unganisho likiangukia juu yake utapata chombo chenye omo mbili. Kwa hiyo kabla ya kupiga nilipitisha jicho mji mzima, nikaona mashua ziko wapi, na nikahakikisha kila mashua iko katikati ya picha yake, maunganisho yote yaanguke kwenye ukuta mtupu. Mahali pamoja haikuwezekana, pana vyombo vimebanana kama dagaa. Pale nilipiga mara tatu na baadaye nikachagua zilizokubaliana. Kuunga nilitumia programu ya Hugin, ni ya bure, na laptopu ya kuazima ilichukua muda wa kupika chai na kuinywa.

Kuna kitu kilichonisaidia ambacho yule bwana wa mkoba hana: buibui. Skrini ya kamera ndogo juani ni kioo cha kujitazamia meno. Nilijifunika pamoja na kamera chini ya nguo nyeusi nikaiona picha sawasawa, pamoja na ile grafu ya mwanga. Hiyo grafu ndiyo ya kuamini. Kilima chake kikigonga ukingo wa kulia, kuta zimeungua. Punguza kwa theluthi moja upige tena. Wanaume watumie leso, au kikoi.

Kwenye machuguu ya mchanga ya Shela, kijiji jirani, hesabu inageuka, na nilipoteza jioni mbili kabla ya kuelewa. Kamera hudhani kila inachokiona ni cha kijivu cha wastani. Ikiona mchanga mweupe uliojaa picha nzima inasema mwanga umezidi, inaupunguza, na mchanga unatoka kama saruji. Bonyeza kile kitufe cha jumlisha na kutoa, nenda +0.7, ukipata mawingu meupe juu rudi +0.3. Kwenye vichochoro vya mji fanya kinyume, −0.7, ili ule utepe wa anga kati ya nyumba usiungue. Na msiache kwenda vichochoroni adhuhuri, hata wakiwaambia nini kuhusu mwanga mbaya wa mchana. Vichochoro vyetu ni vyembamba, kutwa nzima jua linaishia ghorofani. Linashuka mpaka chini kati ya saa sita na saa sita na nusu tu, na mwezi wa Machi na Septemba linashuka wima kabisa, linapiga ukuta mmoja na ukuta huo unaumwagia mwenzake. Milango ya nakshi inapata mwanga laini ambao studio ingekulipisha. Mwenye mlango, au mama aliyekaa barazani, aombwe kwanza. Akikataa ni sawa, mlango mwingine uko hatua kumi mbele.

Narudi Shela, kwenye mchanga. Lenzi inayochomoza ina mwanya mwembamba kuizunguka, na upepo wa kusi unajua kuutafuta. Punje moja ikiingia utasikia kama mtu anatafuna mchele wenye mawe, kisha kamera inakwama imetoa ulimi. Ya kwanza niliyokuwa nayo ilikufa hivyo, na fundi mmoja alinitoza elfu tatu kwa kuifungua na kuifunga. Dawa yangu ni mfuko wa mkate. Boflo likiisha, nauosha, naukausha, nakata tundu dogo kuliko mdomo wa lenzi. Washa kamera kwanza, lenzi ichomoze, halafu vaa mfuko na ufunge kwa mpira wa noti pale mbele kabisa, mwili wa mfuko ubaki umelegea. Mota ya lenzi haina nguvu. Mfuko ukikaza unaivunja wewe mwenyewe. Zima ile hali ya kamera kujizima yenyewe, la sivyo itavuta lenzi ndani pamoja na mfuko. Na usizime mpaka umevua.

Miwani ya jua pia iko mkobani, ile ya kuchuja mng'ao. Kujua kama ni yenyewe, itazame skrini ya simu kupitia kioo cha miwani huku ukiizungusha. Ikifika pembe fulani, kwenye simu nyingi skrini inafifia au inazima. Ishike mbele ya lenzi, zungusha mpaka ule ukungu mweupe juu ya maji uondoke na mizizi ya mikoko ionekane chini. Inakula mwanga mwingi, kwa hiyo angalia kasi isikushukie. Lenzi ikiwa pana sana anga inatoka na baka jeusi upande mmoja. Vuta zumu kidogo.

Ukirudi usiifute kamera kwa kitambaa kikavu, chumvi inakwaruza. Tambaa lililolowa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kavu. Na ukiwa majini lenzi isielekee kwenye kambi wala boti za walinzi. Hilo nadhani halihitaji maelezo.

Kuchapisha kulifanyika Mombasa, kwa bei iliyonifanya nirudi na basi la usiku. Nilipoitundika nikamwita nahodha aje aione. Hakutazama minara wala rangi. Aliinama kwenye gati, akaziangalia ngazi, akahesabu kimya kimya vilivyobaki juu ya maji.

"Hii ni tarehe tatu," akasema. "Au mbili, kama mwezi ulichelewa kuonekana."