Mkopo wa nyumba ukiwa huna mwajiri

Watu wananiuliza sana kama inawezekana kupata mkopo wa nyumba bila ajira, inawezekana, ila benki zetu hapa Bongo zimezoea mtu mwenye salari slipu bwana, wewe ukienda na mikataba ya miezi mitatu mitatu wanakuangalia kama umekuja kuomba nauli.

Mimi natengeneza mifumo ya kompyuta kwa mikataba, mwezi huu inaingia milioni sita ujao hamna kitu. Afisa mikopo alichukua stetimenti ya mwaka mzima akawa anapaka rangi ya njano kila hela iliyotoka kwa mteja, niliyorushiwa na shemeji akaipiga mstari, niliyoweka mwenyewe kwa wakala nayo ikapigwa mstari. "Kaka, hii siwezi kuihesabu." Yaani zile kazi ndogo ndogo unazolipwa kwenye simu, unatoa unalipia mafuta, kwa benki hazijawahi kuwepo.

Ila kinachowaangusha wengi ni TRA, mamlaka ya mapato. Mtu anajaza ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka, anaonyesha kipato kiduchu ili alipe kidogo, halafu akifika benki anasema naingiza milioni nne kwa mwezi, na benki wanaomba hesabu zilezile alizopeleka TRA! Vile vyeti vya kodi ya zuio, ile asilimia 5 mteja anayokukata kwenye ankara, hakikisha anakupa kila kimoja, vinaonyesha nani kakulipa na shingapi. Mimi vilinisaidia kuliko mikataba yenyewe.

Riba sasa. Miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kwenye asilimia 15 hadi 19, chukua milioni 80 kwa asilimia 17 kwa miaka 15, rejesho ni kama milioni 1.23 kila mwezi na mpaka umalize umerudisha zaidi ya milioni 220. Mwenye mshahara anakatwa juu kwa juu, wewe mteja akichelewa kukulipa rejesho halikusubiri, kwa hiyo tenga ya miezi kadhaa kabla hujasaini, hata benki wakiiona imetulia kwenye akaunti wanalainika.

Na kiwanja chenye karatasi ya serikali ya mtaa tu usihangaike nacho, wanataka hati miliki. Ndo maana nimeangukia kwenye apatimenti, tangu sheria ya 2008 unaweza kupata hati ya sehemu yako tu ya jengo. Faili langu sasa liko kwa mthamini, gharama yake nimelipa mimi, na juzi wameomba tena stetimenti ya mwezi ulioisha.