Basi Lililogoma Alfajiri ya Julai

Ilikuwa Julai 1996, saa kumi na moja alfajiri, kwenye gereji moja ya Buguruni, Dar es Salaam. Basi kuukuu la Isuzu, dizeli ya silinda sita, lilikuwa limelala siku mbili mahali penye mwinuko, pua juu. Dereva alisaga stata, mota ya umeme inayozungusha injini, mara nne. Mara ya kwanza ekzosi ilitoa moshi mweupe kidogo, baadaye hata huo ukakata.

"Baridi hii," akasema utingo. Alishalowesha kitambaa mafuta ya taa, anataka kukiwasha kwenye mdomo wa hewa.

"Weka chini hicho, mwanangu. Filta ya hewa ni karatasi," fundi mkuu akamwambia, kisha akamgeukia dereva: "Na wewe achia ufunguo, utachoma stata."

Stata husagwa sekunde kumi tu kwa mara moja, kisha inapumzishwa kama dakika mbili. Dizeli haina plagi za kutoa cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Betri zikichoka, pistoni inapanda polepole, hewa inapenya kwenye ringi zinazoziba pembeni mwa pistoni na joto linaishia kwenye chuma. Lakini alfajiri ya Dar, hata Julai, ni nyuzi 18 au 19. Injini yenye ringi nzima na betri nzuri haigomi kwa baridi ya namna hiyo.

Fundi alifuata moshi. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika silindani ila haiungui. Moshi ukikosekana kabisa huku injini inazunguka, dizeli haifiki. Betri zote mbili za volti 12 zilikuwa na nguvu, kwa hiyo alisugua tu terminali kwa msasa, akahamia kwenye mafuta.

Alilegeza skrubu ya juu ya filta ya dizeli, nami niliyekuwa namsaidia nikapampu kwa mkono. Likatoka povu jeupe, linachemka kama la sabuni: upepo umeingia kwenye dizeli. Niliendelea hadi dizeli ikatoka nyoofu bila kiputo, ndipo akafunga huku bado napampu, maana ukiacha kwanza upepo unarudi. Akafanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu hadi kwenye nozeli zinazoinyunyiza silindani. Mwisho alilegeza nati za mabomba upande wa nozeli, nusu mzunguko tu, akatuambia tuweke mikono mbali: dizeli yenye mgandamizo ule inaweza kutoboa ngozi. Dereva akasaga, kila bomba likatema, nati zikakazwa. Mara ya pili injini ikakohoa kwa silinda tatu, moshi ukatanda uani, kisha zote sita zikashika. Haikukanyagwa, iliachwa taratibu hadi taa ya oili ikazimika.

Wengi huishia hapo, na kesho wanatoa upepo tena. Yeye aliuliza umeingilia wapi. Chini palikuwa pakavu, na hilo ndilo linalodanganya: kati ya tanki na pampu ya kuvutia dizeli, penye upenyo hapavuji sana nje, panavuta hewa ndani. Gari likilala pua juu, dizeli inarudi tankini usiku kucha.

Akazima, akafungua bolti yenye tundu inayoshika bomba la kuingilia pampu, akatoa washa mbili za shaba, zile pete bapa za kuziba maungio. Moja ilikuwa na mfereji mwembamba kama unywele, umekatiza kutoka ndani hadi nje. Zilikuwa zimekazwa na kufunguliwa miaka mingi hadi zikawa ngumu. Alizisugua juu ya kioo chenye msasa mpaka mfereji ukafutika, akazilaza kwenye jiko la mkaa hadi zikawa nyekundu, akazitumbukiza kwenye maji. Shaba ikifanyiwa hivyo inalainika na kukaa upya. Mpira wa bomba, uliokuwa umekakamaa mwishoni, aliukata sentimeta mbili na kuufunga kwa klipu mpya.

Jioni akaagiza basi liegeshwe palepale, pua juu. Asubuhi, kabla dereva hajagusa ufunguo, alilegeza skrubu ya filta na kupampu mara moja. Ikatoka dizeli tupu.