Siku moja Kariakoo: RAM ya giga 16 iliyogoma kuwaka

Saa 2:00 asubuhi. Nashuka mwendokasi Gerezani, natembea hadi ofisini. Nasema ofisi, kumbe ni upenyo chini ya ngazi: meza mbili, feni moja na rundo la kompyuta za watu.

Saa 3:15. Anaingia mama mwenye steshenari, nyuma yake kijana wa mkokoteni amebeba mashine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. CPU yangu imekufa."

Huku kwetu boksi zima huitwa CPU, ingawa CPU halisi ni prosesa tu iliyo ndani yake, nimeshaacha kubishana. Ni Dell OptiPlex 3050, ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika mashine ikiwa kazini) ya GB 4, ikawa inaganda kila akifungua fomu za wateja huku anachapa picha za pasipoti. Jana akanunua GB 16 barabarani kwa nusu ya bei ya dukani, akamwita mpwa wake aiweke. Tangu hapo skrini nyeusi, feni inazunguka bure, taa ya kuwashia inapepesa rangi ya chungwa.

Saa 3:30. Nachomoa waya wa umeme, nabonyeza swichi kumaliza chaji iliyobaki, nafungua. RAM imekaa vizuri, mpwa hana kosa. Naitoa, naisogeza kwenye mwanga. Lebo: 1Rx4 PC4-2400T-R. Hiyo R ya mwisho ndiyo mchawi. Ni RAM ya seva, zile kompyuta kubwa za kuhudumia mitandao. Ya mezani huandikwa U. Nahesabu chipu: 18, na kengine kadogo katikati, wakati za mezani kwa kawaida huwa 8 au 16. Zote mbili ni za kizazi cha DDR4 zenye pini 288, na pengo la kwenye meno liko palepale, kwa hiyo inaingia bila kelele, ila mashine ya mezani haiwezi kuisoma. Ingekuwa DDR3 ingegoma mlangoni, maana pini zake ni 240.

Mama anauliza mbona za dukani zimepanda hivyo. Namwambia tangu mwishoni mwa 2025 viwanda vinakimbilia kutengeneza kumbukumbu za seva za akili mnemba, sisi wa mezani tunagombania mabaki.

Saa 5:00. Duka la jirani wana GB 8 ya U, spidi 3200. Kwenye mashine hii itashuka hadi 2400, haidhuru. Nasugua meno ya ile GB 4 ya zamani kwa raba ya penseli, napuliza, nairudisha. Mpya naishika kwa kingo, nalinganisha pengo, nasukuma kwa vidole gumba pande zote mbili. Ka! Ka! Usiposikia hiyo milio, bado. Inawaka, inasoma GB 12.

Saa 6:30 hadi saa 9. Naiacha na Memtest86+, programu ya kupima RAM, ijipime, nakwenda kula wali maharage. Hakuna kosa hata moja.

Saa 9:20. Mteja mwingine analalamika GB 8 yake inaonekana GB 4 tu. Windows ya biti 32, haitumii zaidi ya hapo. Dakika mbili nimeshajua, kazi ya kesho.

Saa 12:10 jioni. Mama anapiga simu: mashine inakimbia, lakini amerudi barabarani, kijana aliyemuuzia RAM hayupo wala turubai lake. Ile GB 16 iko kwenye droo yangu, anauliza kama naweza kumtafutia mtu mwenye seva.