Samaki Aliyekufa Maji

Leo alfajiri nilishuka mwaloni Igombe, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, kutafuta dagaa. Dagaa nimerudi nao, wako juani sasa hivi, lakini tangu asubuhi ninamuwaza kamongo.

Alikuwa amelala ndani ya mtumbwi, kwenye maji yasiyofika hata kifundo cha mguu. Mrefu kuliko mkono wangu, mwili wa kijivu wenye madoadoa, macho madogo kama punje za mtama. Pale ambapo sato ana mapezi, yeye ana vitu vinne vyembamba vinavyoning'inia kama kamba za viatu. Mzee mwenye mtumbwi alikuwa anapanga ndoano za mgonzo, ile kamba ndefu ya kutegea samaki. "Mwangaluka, baba," nikamsalimu. Akaitika, akanionya nisipeleke vidole karibu, maana huyu akiuma haachii.

Ndipo kamongo akainua kichwa taratibu, akafumbua mdomo juu ya maji, akavuta hewa. Niliisikia. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayefyonza chai ya moto.

Nilipokuwa na miaka tisa, mimi na kaka yangu tulimkamata mmoja kwenye tope la jaruba la mpunga, urefu wa mkono hadi kiwiko. Tulimpenda. Tukamtia kwenye ndoo, tukaijaza maji hadi pomoni ili ajione yuko ziwani, tukafunika na kuweka jiwe juu asitoroke. Asubuhi tulimkuta amekufa. Mama akatazama ndoo, akasema, "Mmemuua kwa maji." Tulibisha. Samaki afe maji?

Mama alikuwa sahihi. Kamongo ana mapafu mawili, na akishakua matamvua yake hayamtoshi tena. Lazima apande juu kuvuta hewa, la sivyo anakufa. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Miaka yote hii nimekuwa nikimfikiria usiku ule, akipanda na kukigonga kifuniko, na sisi tumelala.

Baadaye ndiyo nikajifunza tulikuwa tumemfungia nani. Ukoo wa samaki wenye mapafu una zaidi ya miaka milioni 400. Yale majitu ya dinosaria ya Tendaguru kule Lindi, ambayo Wajerumani walichimba mifupa yake wakaipeleka Berlin, yaliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Ukoo wa kamongo ulikuwa mkongwe tayari. Leo zimebaki spishi sita tu duniani: nne Afrika, moja Amerika Kusini, moja Australia.

Zamani niliwaonea wivu watu wa Tanga kwa silikanti wao, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria hadi mwaka 1938, Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta kwenye samaki wa meli ya uvuvi kule East London, Afrika Kusini. Tanga wana hadi hifadhi ya bahari yenye jina lake. Sisi wa Mwanza tuna kamongo, na kiukoo yeye yuko karibu zaidi na binadamu kuliko silikanti, na kuliko sato au sangara yeyote unayemla.

Samaki wa kale kama hawa watu wanawaita visukuku hai. Jina hilo silipendi. Kisukuku ni masalia ya kale yaliyogeuka jiwe, na huyu hakukaa tu akingoja: wahenga wake wa mwanzo walikuwa wa baharini, yeye ni wa maji baridi na tope. Halafu fikiria ziwa lenyewe. Lilikauka, likajaa upya miaka kama 15,000 iliyopita, na furu wetu, wale samaki wadogo, wakachipuka humo spishi kwa mamia, upesi kuliko karibu samaki wowote wanaojulikana. Sangara akaletwa miaka ya 1950, furu wengi wakapotea tukiwa hai tunaona. Wageni wa jana na mkongwe huyu wanakunywa maji yaleyale.

Tena anatufaa. Konokono ndio chakula chake kikubwa, anawasaga kwa meno yaliyoungana kama bamba, na konokono ndio wanaobeba kichocho kinachowasumbua watoto wetu ufukweni.

Nilimuuliza mzee amempata wapi. Akanionyesha kwa kidevu upande wa mafunjo. "Pembeni pale, mwanangu. Huyu ni dume. Alikuwa analinda watoto." Dume la kamongo ndilo hukaa na mayai kwenye kiota, halafu na vifaranga, na mtu akijua kiota kilipo hapati shida kumtega. Mzee anasema zamani mgonzo mmoja ulikuwa unatoa wengi. Sasa anaweza kumaliza wiki bila kumwona. Mafunjo yenyewe nimeyaona yakifyekwa mwaka hadi mwaka, pakilimwa mpunga.

Mteja mwingine alikuwa ameshamlipia. Nilibaki nimesimama kwenye tope, dagaa mkononi, nikamtazama mpaka akainua kichwa akavuta hewa tena.