Mwaka Niliotazama Mbio Nikishona Kanzu

Ukipita barazani siku hizi za mwisho wa mwaka ukauliza 2025 ilikuwaje kimichezo, utajibiwa habari za Arsenal. Wameingia Krismasi wakiongoza ligi, na mtaani kwetu Lamu hata waliokuwa wameficha jezi tangu mwezi wa tano sasa wanazivaa kwenda kununua mkate. Siwalaumu. Mimi mwenyewe ni wa chama hicho, nilikirithi kwa kaka yangu kabla sijajua London iko upande gani. Lakini nikikaa nikaupima mwaka huu, kilichonishika moyo hakikutoka Uingereza. Kilitoka kwa wanawake wa Kenya wenye kukimbia, na sehemu yake kubwa niliiona mchana kweupe, niko kwenye cherehani, wakati hao wa barazani wamejilaza baada ya chakula.

Nimalize ya Ulaya kwanza, maana si refu. Aprili, kwenye Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, tuliwafunga Real Madrid 3-0 na Declan Rice akapiga faulo mbili zilizoingia wavuni moja kwa moja. Ilikuwa saa nne usiku kwetu. Mimi siendi bandani kunakoonyeshwa mpira. Hakuna sheria inayonikataza, ila viti ni vya wanaume, moshi ni wa wanaume, na maneno ya dakika ya tisini si ya kusikiwa na mtoto wa watu. Natazama kwa simu, na simu huwa nyuma ya banda kwa nusu dakika hivi, kwa hiyo mabao nayasikia kabla ya kuyaona. Rice alipouweka mpira chini kwa ile faulo ya pili, mtaa mzima ulikuwa ushapiga ukelele. Mimi bado namwona amesimama, anapumua, anapima ukuta, nami najua tayari kwamba mpira utaingia. Ni utamu wa namna yake, sijui kama nao bandani wanaujua.

Kisha PSG wakatutoa nusu fainali, nyumbani na ugenini, na wakaenda kuwatandika Inter 5-0 kwenye fainali ya Munich, tukajifariji kwamba tumetolewa na bingwa. Ligi walichukua Liverpool, sisi wa pili tena, mwaka wa tatu mfululizo. Jirani yetu, Liverpool wa damu, alitusumbua mpaka Julai, ilipokuja habari ya ajali ya Diogo Jota. Siku hiyo hakuna aliyemtania.

Ya wanawake ilianza Juni. Tarehe 26, Paris, Faith Kipyegon alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya. Walimpangia wakimbiaji wa kumkingia upepo mbele na nyuma, wakamshonea nguo maalumu (nguo ile niliitazama kwa jicho la fundi, nikawa nasogeza video nyuma na mbele kuona mishono imepitia wapi). Akamaliza kwa 4:06.42. Hakuna mwanamke aliyewahi kwenda maili kwa kasi hiyo, ingawa haihesabiwi rekodi rasmi kwa vile alivyosaidiwa. Kesho yake nikamsikia mtu dukani akisema, “Si alishindwa?” Nikalipia sukari yangu nikaondoka.

Siku tisa baadaye, Eugene kule Marekani, Kipyegon akaivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1500 kwa 3:48.68. Na kabla hajakimbia yeye, uwanja huo huo, siku hiyo hiyo, Beatrice Chebet alikuwa amemaliza mita 5000 kwa 13:58.06. Mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 14. Kwetu ilikuwa usiku mkubwa, nimejifunika shuka pamoja na simu ili mwanga usimwamshe Bibi. Saa ile ya manjano pale kando ya mstari ilipokwama kwenye kumi na tatu, nilitaka kupiga kigelegele na sikuweza. Na mtaa haukunitangulia safari hii. Kimya. Hakuna banda lililokuwa limefungua mbio.

Nilipowaambia asubuhi, Ami akauliza, “Chebet yupi huyo?” Ami anaweza kukutajia wachezaji wa akiba wa Arsenal mmoja mmoja, pamoja na waliouzwa.

Halafu ikaja Tokyo, mashindano ya dunia ya riadha. Septemba mwaka huu iliangukia Mfunguo Sita, na Lamu Mfunguo Sita ni maulidi, na maulidi kwa fundi ni kanzu. Kila mtu anataka yake, na kila mtu anaitaka kesho. Tokyo wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo fainali zao za usiku kwetu zilikuwa kati ya adhuhuri na alasiri, wakati ambao sitoki nyumbani kwa vyovyote. Niliiegemeza simu kwenye kopo la vifungo, nikaweka bando la wiki, nikaendelea na kola.

Chebet alichukua mita 10,000 siku ya kwanza. Usiku ule ule, sisi tumelala, Peres Jepchirchir akamshinda Tigst Assefa wa Ethiopia kwenye marathon kwa sekunde 2. Mbio za zaidi ya saa mbili na robo, kilomita 42, kisha mnaachana kwa sekunde mbili ndani ya uwanja! Niliitazama marudio baada ya Alfajiri na moyo ulinienda mbio ingawa nilishajua mshindi. Kipyegon akachukua 1500, taji lake la nne la dunia katika mbio hizo, na Dorcus Ewoi nyuma yake na fedha. Faith Cherotich akachukua ile ya kuruka viunzi na maji. Kisha mita 5000, Chebet na Kipyegon pamoja, na hapo nyumba yetu iligawanyika. Mdogo wangu alikuwa wa Kipyegon kwa sababu ana mtoto na hakuacha kukimbia. Mimi nilikuwa wa Chebet tangu usiku ule wa shuka. Mzunguko wa mwisho mguu wangu uliacha pedali. Chebet akashinda, Kipyegon wa pili, na nikajikuta nalia, ovyo tu, kanzu ya watu mapajani. Bibi haoni vizuri siku hizi lakini masikio yake ni mazima. Akamuuliza mdogo wangu, “Mbona yuwalia, na meshinda?”

Jumapili ndiyo ikawa ya Lilian Odira. Mita 800 zilikuwa zimeandikiwa Keely Hodgkinson wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki, na kusema kweli hata mimi nilikuwa nimezitoa sadaka. Odira, mama wa watoto wawili, akatokea mwishoni akawapita wote kwa 1:54.62. Akaivunja rekodi ya mashindano iliyowekwa na Jarmila Kratochvílová mwaka 1983. Mama yangu alikuwa hajaolewa mwaka huo.

Sasa hesabu mwenyewe. 800, 1500, kuruka viunzi na maji, 5000, 10,000, marathon. Kila dhahabu ya mbio za wanawake kuanzia mita 800 kwenda juu ilikuja Kenya. Nchi ilipata dhahabu 7 kwa jumla, ya saba ni ya Emmanuel Wanyonyi wa mita 800, Mungu ambariki, na tukamaliza wa pili duniani nyuma ya Marekani. Sita kwa moja. Ingekuwa klabu fulani ya London imefanya hivyo, mji usingelala.

Wiki hizo hizo za maulidi mji ulijaa wageni na mashindano yetu wenyewe. Nilisimama upande wa wanawake kutazama mbio za punda. Vijana wanapanda bila tandiko, miguu karibu inagusa chini, fimbo moja mkononi, na punda mmoja aligoma katikati ya njia ya pwani akageuka kuutazama umati kana kwamba ndiye aliyekata tiketi. Kelele zilizopigwa pale! Wanaume wazima wanawajua punda kwa majina na tabia. Ndiyo maana siamini mtu akiniambia kwamba riadha haina mashabiki kwetu kwa sababu watu hawapendi mbio. Mbio tunazipenda. Sema hakuna anayezifungua bandani wala anayeweka dau la soda juu yake, na kitu kisicho na ubishi wa baraza Lamu hakiishi.

Nisiandike kama kwamba kila kitu kilikuwa asali. Oktoba tulisikia Ruth Chepngetich amefungiwa miaka mitatu kwa dawa iliyokatazwa. Yule ndiye aliyekimbia marathon ya Chicago mwaka 2024 kwa 2:09:56, rekodi ya dunia, nami nililizungumza jina lake mpaka watu wakachoka. Rekodi ile haikufutwa, kwa sababu kipimo kilichomponza kilichukuliwa baadaye. Lakini siitaji tena kwa sauti ile. Na inaniuma zaidi kwa sababu ya wale wengine, kwamba sasa kila mmoja akivunja rekodi kuna mtu dukani ataguna.

Agosti ndiyo iliyotukutanisha, banda na nyumba. CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao, yalikuja Kenya, Tanzania na Uganda. Kenya tuliwahi kupewa yale ya 2018 tukanyang'anywa kwa kuchelewa kujiandaa, kwa hiyo mpaka siku ya ufunguzi kuna watu hawakuamini. Tulikitoa kiti cha Bibi ukumbini, tukaiweka runinga kiwandani, yaani uani mwa nyumba, wanawake wa nyumba za jirani wakaja na watoto na birika za chai. Tukawafunga Kongo ya Kinshasa 1-0. Tukatoka sare na Angola. Tukawafunga Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam, tukiwa kumi uwanjani kipindi kizima cha pili, na kipindi kile nadhani hakuna aliyemeza mate. Kisha Zambia, 1-0 tena, Ogam tena. Runinga haichelewi kama simu, kwa hiyo tulipiga kelele pamoja na banda, kwa pumzi moja, sisi kiwandani na wao kule nje, na Ami alisema baadaye kwamba sisi ndio tuliokuwa na sauti.

Robo fainali na Madagascar, Ijumaa jioni, Kasarani. Tukatangulia kufunga, wakasawazisha kwa penalti, ikaenda mpaka matuta. 4-3. Tumetoka. Usiku huo huo Tanzania nao wakatolewa na Morocco, ambao ndio waliokuja kuchukua kombe. Watoto walilala na rangi za bendera usoni, hakuna aliyekuwa na nguvu za kuwaosha.

Ile ilinikaa vibaya kuliko PSG, na nimejiuliza kwa nini. Arsenal wakifungwa naumia kisha nacheka, maana kesho kuna ubishi wake, kuna mechi nyingine Jumamosi, kuna matusi ya kurudishiana. Siku ile hakukuwa na wa kumtania. Wote tulikuwa upande mmoja. Septemba timu kubwa ikafungwa na Gambia 3-1 hapo hapo Kasarani na ndoto ya Kombe la Dunia ikafa kabisa, na niliona watu wakizima redio bila hata neno.

Sasa tuko Rajabu na mpira wa Afrika uko Morocco, sisi hatumo. Tuna Tanzania na Uganda wa kuwashangilia, na Wangazija, ambao Bibi anawaita ndugu na ana haki, maana nusu ya hadithi zake za wazee zinaanzia au kuishia Komoro. Walifungua mashindano na wenyeji wakafungwa 2-0. Bibi akasema walicheza na mwenye nyumba, wangefanyaje.

Ya mwakani? Ramadhani itaingia kwenye Februari, na mechi za Ulaya za saa tano usiku zitatukuta tushatoka tarawehe, jambo jema. Juni mpaka Julai ni Kombe la Dunia kule Marekani, Canada na Mexico, timu 48, nyingine zikicheza tukiwa usingizini. Mimi nishachagua wangu: Cape Verde, visiwa vidogo, mara yao ya kwanza. Mtu wa kisiwani anamjua mwenzake. Arsenal wachukue ligi, basi, tupumzike na mada hii. Na Harambee Starlets wamefuzu kwenda Kombe la Afrika la wanawake kwa mara ya kwanza tangu 2016. Waliwafunga Gambia nyumbani na ugenini, Gambia hiyo hiyo iliyotufunga sisi Septemba. Siku watakapocheza nataka banda lifungue, kama ni kulipia kiingilio cha wote nitakusanya kwa wanawake wa mtaa tulipe. Nimeshamwambia mwenye banda. Amecheka, lakini hakukataa.

Kisha 2027, AFCON, hilo kombe la mpira wa Afrika, hapa Afrika Mashariki. Tulipewa ya 1996 ikahamia Afrika Kusini, kwa hiyo sitaamini mpaka nione mpira umewekwa katikati. Ila nimeanza kutenga. Maagizo ya kanzu za Idi yameshaanza kuja, na katika kila kanzu kuna kidogo kinachoingia kopo la pili, lile lisilo la vifungo. Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha Nairobi, tiketi, pa kulala kwa binti wa shangazi. Ami anasema atafuatana nami, mwanamke hawezi kusafiri peke yake kwenda kutazama mpira, mradi nimlipie nauli. Nimemwambia nitamlipia boti. Kuanzia Mokowe ajitegemee.