Husalimia kwa Magoti

Jumanne, usiku.

Binti yangu kalala, mguu mmoja nje ya chandarua kama kawaida yake. Mimi bado naikodolea macho ile fomu ya kliniki, ya kumpimia usonji (autism). "Humtazama mtu machoni anaposalimiana": sifuri.

Nilicheka palepale, mtaalamu akashangaa. Jumapili tu tulikuwa Masaka kwa mama mkwe. Binti yangu, miaka sita, maneno yake yote hayafiki kumi, alipiga magoti mbele ya jajja wake (yaani bibi, kwa Luganda), akainamisha uso, akatulia. Sauti haikutoka. Jajja akaiitikia salamu vilevile, mwanzo hadi mwisho, kisha akawageukia majirani: mwamwona mtoto aliyefunzwa?

Sijidanganyi. Usonji anao. Hata mimi hanitazami nikimwimbia, na mimi sipigiwi magoti. Lakini fomu ile haina pa kutenganisha adabu na usonji. Daktari mmoja, jina lake Leo Kanner, alipoandika habari za usonji mwaka 1943, watoto wake 11 aliwaona Marekani. Naona fomu hizi bado zinawatafuta walewale.

Kadi za picha ndizo zilizoniuma. Alionyeshwa hodhi la kuogea, lile la kulala ndani. Kwetu tunaogea beseni. Aliitazama picha weee, akainama mezani, akawa kama anayekunywa, halafu akatoa mlio wa ng'ombe. Hori! Lile la ng'ombe wa jajja. Hiyo nayo sifuri, na mimi sijawahi kumwona akisimulia jambo refu kuliko hilo.

Mwaka jana kliniki nyingine ilituambia nyumbani tuzungumze Kiingereza tu. Mimi nimekulia kambi ya jeshi Jinja, nyimbo zangu zote za kubembelezea mtoto ni za Kiswahili. Baba yake ni Luganda tupu. Tulitii miezi mitatu, nyumba ikawa kimya kama ya msiba. Baadaye nikajisomea kwamba tafiti za watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hazijaona kuwa lugha ya pili inawazidishia kuchelewa. Nikarudi kwenye nyimbo zangu. (Ada na nauli ya boda siandiki, nataka kulala.)

Huyu mtaalamu wa sasa ni binti wa juzi tu, ila ana sikio. Nilipomweleza habari ya hori alinyamaza, akachukua penseli, na kando ya ile sifuri ya kwanza akaandika: husalimia kwa magoti. Sifuri hakuifuta, fomu si yake. Akauliza jioni tunafanya nini pamoja nyumbani. Tunaambua maharage, nikamwambia: ganda lake, ganda langu, na nikimruka zamu yake anagonga beseni. Akazirudisha kadi mkobani. Kupokezana zamu ndiko alikokuwa anakutafuta tangu asubuhi.

Ijumaa tunarudi. Jajja anakuja keshokutwa. Nimemwomba abebe maharage mabichi, yakiwa bado kwenye maganda.