Mwezi 15, maji yamepwa: siku moja na mashine za boti, Sahare, Tanga

Saa 10:30 alfajiri

Leo mwezi ni 15, kwa hiyo naamka kabla ya adhana. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi: dagaa wanatawanyika, hawakusanyiki chini ya mwanga. Siku tatu nne hizi za mbalamwezi boti zinalala ufukweni, na ndizo siku ambazo mimi, fundi wa mashine zake, silali. Tena ni bamvua. Maji yamejaa sana sasa hivi, yatakupwa sana kufika saa 4 na nusu asubuhi, halafu yatarudi kujaa kuelekea saa 11 jioni. Chombo kilichosogezwa juu ya mchanga usiku huu kitabaki kikavu muda wa kutosha kufanyiwa kazi tumboni. Ukiichezea nafasi hii, unasubiri mwezi mwandamo, wiki mbili mbele.

Namaliza swala, nakunywa chai ya rangi na kiazi kitamu, nasoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye simu. Upepo wa kusi umeshakata na wa kaskazi haujaanza. Maleleji. Bahari ya Tanga haina msimu mzuri kuliko huu wa kushika chombo.

Saa 12 asubuhi

Kibandani kijana wangu ameshajaza pipa maji ya bomba. Pipa hili la plastiki, lililokatwa juu, ndilo kifaa changu cha thamani kuliko spana zote. Mashine yoyote inayotoka chumvini inatakiwa iwashwe ndani ya maji baridi, yasiyo na chumvi, dakika 10 hivi, chumvi itoke kwenye njia za kupozea. Nimewaambia manahodha hili kwa miaka 17. Wanaolifuata nawaona mara moja kwa mwaka, wasiolifuata nawaona kila mwezi.

Mashine ya kwanza ni Yamaha ya hospawa 15, ya kuchanganya oili kwenye petroli. Nahodha wake hana malalamiko, anataka "iangaliwe tu" kabla ya giza kurudi. Nalegeza skurubu ya chini ya giaboksi, halafu ya juu ili hewa iingie. Oili inateremka polepole kwenye kopo. Inatakiwa itoke ya rangi yake, hata ikiwa imechoka. Hii imetoka nyeupe, nzito, kama tui la kwanza.

"Maji?" kijana wangu ananiuliza.

"Maji. Sasa niambie yameingilia wapi."

Anavuta pini, anafungua nati, anatoa propela. Nyuma yake, shafti inapoingilia giaboksi, kuna pete ya nyuzi za mshipi zilizojisokota mpaka zikayeyuka na kuwa kama plastiki nyeusi. Anazikata kwa wembe kidogo kidogo. Chini yake mdomo wa sili, mpira wa kuzuia maji, umechanika upande mmoja, mchaniko usiozidi ukucha wa kidole kidogo. Mzunguko baada ya mzunguko mshipi umejisukuma ndani, umekata mpira, na maji ya chumvi yamepata mlango. Nahodha huyu angeenda mwezi mmoja zaidi, gia zingeota kutu na bei yake ingekuwa ya nusu mashine. Sili yenyewe ni kitu kidogo.

Kwa hiyo ukivua kwa mshipi, toa propela mara moja kwa mwezi utazame. Ni pini moja na nati moja. Wakati wa kujaza oili, ingizia kwenye tundu la chini mpaka itokee la juu, ndipo ufunge la juu kwanza na la chini baadaye. Ukijazia juu unafungia hewa ndani, na utadhani imejaa.

Saa 2

Maji yanakimbia. Dau la mita 7 lililoegeshwa mbele ya kibanda limebaki juu ya mchanga, limelalia ubavu, na mzee wangu wa mbao ameshafika na tezo na kikapu chake. Mimi ni mtu wa mashine, lakini siku za bamvua namsaidia, kwa sababu nimejifunza kwamba mashine nzuri juu ya chombo kibovu ni sawa na kutupa hela majini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo tutaoka mkate."

Kuoka ni kuchoma. Tunakwangua kwanza majani na magamba yaliyoganda chini ya mstari wa maji, halafu anawasha makuti makavu na kuyapitisha taratibu kuanzia omo, mbele, hadi shetri, nyuma, moto ukilamba mbao bila kukaa mahali pamoja. Moto unakausha mbao na kuua mdudu anayetoboa kwa ndani. Mdudu huyo haonekani. Nje utaona kitundu kama kichwa cha sindano, ndani ubao umekuwa sega la nyuki. Ndiyo maana mzee anapita na nyundo ndogo akigonga, sikio karibu na mbao. Ubao mzima unajibu. Ulioliwa haujibu, sauti inazama humo humo. Leo amegonga mara tatu mahali pamoja karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo, akanitazama, akachora alama kwa mkaa. Ubao mmoja utoke.

Taruma la hapo, ubavu wa ndani unaoshika mbao, bado zima, tunashukuru. Mataruma haya ni ya mkoko, na mkoko siku hizi haukatwi bila kibali, kitu ambacho mimi nakiunga mkono: mikoko ikiisha, kamba na samaki wadogo wanakosa pa kukulia.

Ubao mpya ni wa mtondoo. Akishaufunga, anasokota pamba kwenye mafuta na kuipigilia kwenye maungio kwa patasi butu. Hapo ndipo vijana wengi wanapokosea kalafati, yaani kuziba maungio. Wanapiga kwa nguvu zote wakidhani pamba ikishindiliwa sana maji hayapiti. Mbao ikiingia majini inavimba. Pamba ikiwa imeshindiliwa kupita kiasi, mbao zinakosa pa kwenda, zinasukumana, misumari inalegea kwenye mataruma. Mzee anapiga, anasikiliza, anaacha. Mwisho anapaka deheni, chokaa na mafuta, chini kote. Rangi za dukani anaziweka juu ya mstari wa maji tu.

Saa 3 na nusu

Wanakuja ndugu wawili, mkubwa na mdogo. Wameweka fedha miaka miwili. Chombo wameshakipata, dau la mbao la ukubwa kama huu tulilokuwa tunalioka. Sasa wanataka mashine, na kuna mtu upande wa pili wa ufukwe anauza ya hospawa 40, imetumika.

"Fundi, twende ukatuangalizie. Arobaini itatufikisha haraka."

Twende. Njiani nawapigia hesabu. Kwa kadirio letu mafundi, mashine ya kuchanganya oili ukiifungulia mafuta yote inakunywa karibu nusu lita kwa saa kwa kila hospawa. Ya 15 ni lita 7 au 8 kwa saa. Ya 40 ni lita 20. Na dau zito la mbao la mita 7 lina mwendo wake: likishafika noti 6 au 7, yaani maili 6 au 7 za baharini kwa saa, linaanza kupanda wimbi lake lenyewe, na hospawa za ziada zinachimba shimo nyuma tu. Mtalipia mafuta ya shimo. Ukiwa na boti nyepesi ya faiba yenye tumbo bapa, hapo 40 ina maana, kwa sababu chombo kinanyanyuka na kuteleza juu.

"Kwa hiyo bora tungenunua faiba?" mdogo anauliza, na uso umemwanguka.

Hapana. Faiba haiozi na mdudu haigusi, nasema kweli. Lakini faiba iliyotumika inatisha kuliko mbao iliyotumika, kwa sababu ugonjwa wake hauonekani. Ule ubao wa nyuma wa kufungia mashine mara nyingi ni plaiwudi iliyofunikwa. Tundu moja la boliti lisipozibwa vizuri, maji yanaingia, plaiwudi inaoza gizani na nje panang'aa. Mbao ikiugua, mzee wangu anagonga na kujua. Kwa anayeanza, na fundi wa mbao yuko hatua 50 kutoka chombo kinapolala, nachagua mbao.

Tunafika. Muuzaji anatupokea vizuri, mashine imefungwa kwenye gogo, imepakwa rangi mpya. Kabla hajavuta kamba, naweka kiganja juu ya silinda.

Ina joto.

Mashine ya kuuzwa inatakiwa ikukute baridi. Iliyochoka inakataa kuwaka asubuhi. Ikishapashwa inawaka kwa mvuto mmoja na kukufanya utabasamu. Sikumwambia mwenye nayo neno la kumvunjia heshima. Nilitoa plagi zote mbili, nikaziba tundu moja kwa kidole gumba, kijana wangu akavuta kamba. Pumzi ilinisukuma kidole. Tundu la pili halikusukuma, lilipumua tu. Silinda mbili zinatakiwa zifanane. Zisipofanana, kuna ringi zimekwisha au pistoni imekwaruzwa, na fedha ya kununua itafuatwa na fedha nyingine nyingi.

Tuliaga, tukarudi.

Saa 6

Ndugu hawakuondoka. Walikaa kibandani wakinitazama nikichuja petroli ya mtu, na mkubwa akaniuliza kwa nini namimina kwanza kwenye chupa nyeupe.

Nikawaeleza ya kwangu. Miaka kadhaa nyuma, wakati wa kusi, tulikuwa watu watatu nje ya kisiwa cha Karange. Petroli tulinunua ya dumu, usiku, hatukuitazama. Mashine ilikohoa mara mbili ikazima. Nilivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Mimi, fundi, nilijua tatizo ni maji kwenye mafuta, na sikuwa na hata spana ya plagi. Upepo wa kusi na mkondo, vyote vinakwenda kaskazini. Tuliona kisiwa cha Yambe kikibaki nyuma, halafu Ulenge, halafu giza. Tuliokolewa na ngalawa iliyokuwa ikirudi kwao Kwale, upande wa Mkinga, haina mashine, ina tanga lenye viraka. Ilitufunga kamba ikatuvuta kwa upepo ule ule uliokuwa unatupeleka kufa. Wazee wale hawakutaka hata shilingi. Kila nikikumbuka mwanga wa sigara ya yule aliyeshika usukani, mwili unanisisimka.

Maji ni mazito kuliko petroli. Ukimimina kwenye chupa inayopenyeza mwanga na kuiacha itulie, maji yanakaa chini na mstari unauona. Ni dakika tano. Na tangu siku ile sifungi mashine kwenye chombo ambacho hakina nanga yenye kamba ndefu, plagi mbili za akiba na spana yake, kamba ya kuvutia, na tanga dogo na mlingoti wake. Wengine wananiona mkaidi. Wakafunge kwingine.

Mdogo alikuwa anaandika kwenye simu. Nikamwongezea na hili: mashine yenu ikiwa ya 50 kwa 1, petroli 50 kwa oili 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili. Pimeni kwa kopo lenye alama. "Kukadiria kwa jicho" kumeua pistoni nyingi kuliko uzee.

Saa 8

Swala, wali na changu wa kupaka, kisha impela, gurudumu la mpira la kusukuma maji ya kupozea, ya mashine isiyokojoa, yaani isiyotema maji hayo nje. Nimefungua pampu: majani sita ya mpira, mawili hayapo. Kuweka impela mpya peke yake hakutoshi. Vipande vile viwili vimekwenda mahali, vimeziba njia ya maji juu huko. Kimoja kilikuwa kwenye bomba. Cha pili kilitutesa saa nzima hadi tukakivuta kwa koleo kwenye mdomo wa silinda, kidogo kama punje ya mahindi.

Saa 11 kasoro jioni

Maji yamefika. Dau linanyanyuka lenyewe, deheni ikiwa nyeupe kama kanzu. Maungio yanavuja kidogo mwanzo, kama inavyotakiwa, kabla mbao hazijavimba. Tunafunga ile 15 yenye sili mpya. Nawaonyesha ndugu lile bamba lililo juu ya propela: liwe sawa na tumbo la chombo au chini yake kidogo. Likiwa juu, propela inavuta hewa, mashine inapiga kelele na chombo hakiendi. Shafti fupi inafaa ubao wa nyuma wa kimo cha sentimita 38 hivi, ndefu sentimita 51. Pimeni chombo chenu kabla ya kuuliza bei.

Mkubwa akashika usukani hadi nje kidogo na kurudi. Mashine ilikojoa vizuri, mkondo mwembamba usiokatika. Mzee wa mbao alikuwa amechuchumaa ndani, kiganja juu ya ubao wake mpya muda wote.

Saa 2 usiku

Mwezi umeshapanda juu ya bahari. Simu inalia, ni yule mdogo. Wamepima: sentimita 52. Wamepata habari ya 15 ya shafti ndefu, iko Mwarongo, mwenye nayo anaacha uvuvi kwa uzee. Nikamwambia tutakwenda kesho saa 1 asubuhi, nirudi kabla maji hayajapwa, na amwombe huyo mzee kwa adabu asiiwashe mpaka tufike.